UZI: Tangi la samaki limeota mwani? Kabla hujanunua filta kubwa pita hapa (Mtwara, Lindi na majirani)

#1 Mjomba wa Chikongola

Wakuu, habari za saa hizi.

Swali linaloongoza humu ni moja: "Tangi langu limejaa mwani, ninunue filta gani?" Majibu yanayoongoza ni mawili: nunua kubwa kuliko uliyonayo, au mwaga dawa. Nafungua uzi huu kuyapinga yote mawili. Mwenye hoja aje nayo, mwenye matusi apite kimyakimya.

Filta haili mwani. Hata ile ya bei ya pikipiki haili. Mwani ulioshika kwenye kioo, kwenye jani au kwenye jiwe hauingii kwenye filta, umekaa palepale unakula mwanga. Filta ina kazi tatu. Inanasa uchafu unaoelea kabla haujaoza. Inawapa makazi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki (nyingi hupitia kwenye matamvua, si kwenye kinyesi kama wengi wanavyodhani) kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ni chakula cha mimea na cha mwani pia. Na inayazungusha maji ili kila jani lifikiwe na chakula pamoja na hewa ukaa. Kazi hizo zikienda sawa mimea inanenepa, inakula kile ambacho mwani ungekula. Zikienda kombo, mimea inadhoofu, majani yanaoza, na jani linalooza ndiyo mahali mwani unapoanzia kushika.

Huku kwetu naona mambo mawili yanayotuumiza kuliko wenzetu.

Kwanza jua. Tangi lililo karibu na dirisha la mashariki au magharibi linapigwa jua mwaka mzima, hilo kila mtu analijua. Linalowachanganya watu ni dirisha la kaskazini. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo Juni na Julai jua linahamia upande wa kaskazini na mchana linaingia ndani kupitia dirisha ambalo Desemba halikuingiza kitu. Mtu anakuja humu analia: "Sijabadilisha chochote, mwani umetoka wapi?" Hujabadilisha wewe, jua limebadilisha njia. Weka pazia zito au hamisha tangi, taa ya umeme iwe ndiyo mwanga pekee. Taa yenyewe saa 6 kwa siku zinatosha kwa tangi ambalo halijatulia, ukishaona mimea inakwenda unapandisha hadi 8. Na uifunge taima. Taa inayowashwa na mtoto akikumbuka na kuzimwa baba akienda kulala hiyo ni saa 14.

Pili, uoshaji wa filta. Watu wanatoa sponji, wanaipeleka bombani, wanaifikicha mpaka inakuwa nyeupe. Wengine na sabuni ya unga kabisa. Maji ya bomba yakiwa na klorini unaua bakteria wale wale uliowasubiri wiki 4 mpaka 6 wazaliane. Kinachofuata ni amonia kupanda, na mwani unaijua amonia kabla yako. Siku chache baadaye kioo kimeanza kijani na mwenye tangi anasema filta ni ndogo.

Sponji ioshwe kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe. Ikamue mara kadhaa, ikitoka ikiwa ya kahawia bado, iache hivyo. Ukiwa na sponji mbili, osha moja wiki hii, nyingine wiki ijayo. Maji badilisha thuluthi moja kila wiki, si yote. Ukibadilisha, nyonya uchafu juu ya mchanga kwa mpira, usikoroge.

Hayo ndiyo ya kwangu. Karibuni.

#2 Korosho Ghafi

Uzi bila picha ni tetesi. Weka picha mkuu.

Ila hilo la dirisha la kaskazini nimelikubali. Tangi langu liko pale pale na kila kipupwe linanichefua.

#3 Mama Nasri

Asante mjomba. Mimi nipo Lindi mjini. Tangi langu ni la futi 3, lipo barazani, maji yenyewe ni kijani kama mchuzi wa kisamvu, samaki siwaoni. Kioo ni kisafi! Nikipitisha kitambaa hakuna kitu. Nimemwaga maji yote, nimejaza mapya, siku mbili tu yamerudi vile vile. Filta inafanya kazi usiku na mchana. Sasa hapo nimekosea nini?

#4 Mjomba wa Chikongola

Mama Nasri, pole. Huo ni mwani wa chembe moja moja unaoelea. Ni mdogo kiasi kwamba unapita kwenye sponji yako kama haipo, ndiyo maana filta inazunguka na maji yanabaki kijani. Kumwaga maji yote hakusaidii kwa sababu chembe chache zinazobaki zinajigawa haraka sana, na maji mapya, hasa kama ni ya kisima kifupi cha mtaani, yanaweza kuja na nitrati yake yenyewe.

Baraza ndiyo adui hapo. Lakini kabla ya kuhamisha, fanya giza. Badilisha nusu ya maji, zima taa, funika tangi lote kwa blanketi au mifuko myeusi pande zote hata juu, siku 3 mpaka 4. Usichungulie. Usilishe, samaki wakubwa hawafi kwa siku nne. Pampu ya hewa iwashwe muda wote, hili usilipuuze: mwani ule ukianza kufa unaoza na kumaliza oksijeni, na maji yetu ya joto tayari yana oksijeni kidogo. Maji ya nyuzi 20 yanashika kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 yanashika kama saba na nusu. Umewahi kuona samaki wako alfajiri wamepanda juu wanavuta midomo?

Ukifunua, badilisha nusu ya maji tena, osha sponji kwenye ndoo, ndipo uhamishie tangi ndani.

Wenye uwezo wanafunga taa ya UV kwenye njia ya filta, maji yakipita mbele yake chembe zinakufa. Hiyo inafanya kazi kweli kwa maji ya kijani. Kwa mwani ulioshika kwenye kioo haifanyi chochote, msije mkauziwa.

#5 Fundi Ndoo

Mjomba hapo juu umesema vizuri ila umeibeza filta kupita kiasi. Naomba nipingane na wewe kidogo.

Mimi natengeneza filta za ndoo. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, maji yanaingia chini, yanapanda kwenye sponji nene, halafu sponji laini, juu yake vipande vya matofali ya kuchoma au vigae vya udongo vilivyovunjwavunjwa, pampu ndogo inayarudisha tangini. Ukubwa una faida yake. Sponji kubwa inachelewa kuziba. Ile ya kununua ya kubandika kioo, sponji ni ya kiganja, ndani ya wiki imeziba, maji yanatoka kwa kusinzia. Mwenye tangi haoni kwa sababu mota bado inanguruma.

Na namba za kwenye boksi msiziamini. Imeandikwa lita 600 kwa saa, hiyo ni pampu tupu bila sponji na bila kupandisha maji. Pima mwenyewe. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ikinge pale maji yanapotokea, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 10, hiyo ni lita 540 kwa saa. Ikijaa kwa sekunde 30, ni 180. Tangi la lita 100 lenye mimea mimi nataka maji yote yapite mara 4 mpaka 6 kwa saa. Andika namba ya siku filta ni safi kwa kalamu juu ya ndoo, ukipima tena ukakuta imeshuka kufikia nusu, ndiyo siku ya kuosha. Hakuna cha "kila mwezi".

Angalizo kwa wanaojiundia: sponji ya godoro inafaa kama ni mpya na haijawekwa dawa wala rangi. Ikianza kuchuja rangi kwenye maji, tupa.

#6 Mjomba wa Chikongola

Fundi, la kupima kwa chupa nalichukua kama lilivyo, kila mtu alifanye leo. Na sibishi kuhusu mzunguko. Ninachokataa ni mtu kuacha taa saa 14 kisha atafute wokovu kwenye mota.

Niongezee hapo hapo kwenye mzunguko. Kuna utando wa kijani kibichi unaoelekea bluu, unatanda kama ngozi juu ya mchanga, ukiuvuta unatoka shuka zima na una harufu ya tope. Huo kwa kweli si mwani, ni bakteria, sianobakteria. Unapenda kona ambazo maji yamelala na uchafu umetulia, na mara nyingi unajitokeza kwenye tangi ambalo nitrati imeisha kabisa. Kwa hiyo mtu anayesafisha kupita kiasi na kona moja imesimama anaweza kuupata. Unyonye wote kwa mpira, geuza mdomo wa filta uelekee kona ile, fanya giza siku tatu kama nilivyomwambia Mama Nasri. Kuna wanaotia vidonge vya erithromaisini. Vinaua, lakini vinaweza kugusa na bakteria wa filta, na antibayotiki ya kuchezea kwenye tangi kisha unamwaga mferejini mimi simshauri mtu.

#7 Kitere Leo

Mnazunguka mbali sana. Mrututu kidogo, mwani kwisha. Au ile salfa ya korosho si imebaki stoo? Inaua ukungu, itashindwa mwani?

#8 Bwana Shamba Newala

Kitere Leo, ndugu yangu, utaua tangi.

Salfa inapulizwa kwenye mkorosho kuzuia ubwiriunga, ambao ni ugonjwa wa kuvu unaokaa juu ya majani na maua. Ni unga usioyeyuka majini. Kwenye tangi utazama na kukaa mchangani bila kugusa mwani, na chini mchangani ambako hakuna hewa bakteria wanaweza kuugeuza kuwa gesi ya harufu ya yai bovu ambayo ni sumu kwa samaki. Mrututu ni shaba. Ni kweli unaua mwani, lakini unaua konokono na uduvi kwa kiasi kidogo sana, na kwa samaki sumu yake inakuwa kali zaidi kwenye maji mepesi yasiyo na chokaa. Sisi wa juu huku Newala tunaotumia maji ya mvua ndiyo kabisa.

Na kwa kuwa tupo kwenye pembejeo: msitie urea wala mbolea nyingine ya mahindi kwa kisingizio cha kulisha mimea. Urea ni asilimia 46 nitrojeni, inageuka amonia ndani ya maji. Samaki wanaungua matamvua, na kilichobaki ni karamu ya mwani. Mimea ya majini ikikosa nitrojeni inapewa nitrati ya potasiamu, kwa kipimo, ukiwa na kipimio. Tangi lenye samaki wa kutosha na chakula cha kila siku kwa kawaida halikosi nitrojeni. Mara nyingi linakosa potasiamu na chuma.

Kuhusu maji ya mvua, niseme na hili kwa sababu watu wa tambarare wanatuonea wivu. Maji ya simtanki kutoka kwenye bati hayana klorini wala chokaa, ni laini mno. Bakteria wa filta wanapogeuza amonia wanatumia ule ualkali wa maji. Ukiisha, pH (kipimo cha uasidi wa maji) inaporomoka na bakteria wanazembea. Mimi nachanganya: sehemu mbili za mvua, moja ya kisima. Na mvua za kwanza za Novemba au Desemba ziache zioshe bati kwanza, msimu mzima wa vumbi na kinyesi cha ndege upo pale juu.

#9 Mtu wa Mikindani

Wa Newala mna shida za kitajiri. Huku kwetu ukichimba unakutana na mawe ya matumbawe, maji ya kisima ni chokaa tupu na kwa mbali yana chumvi. Majani ya mimea yangu yana gamba jeupe juu, nikilikwangua linatoka kama unga. Ni mwani gani huo? Na mbona mimea niliyonunua Dar inakufa yote isipokuwa ile mirefu kama majani ya mchaichai?

#10 Mjomba wa Chikongola

Hilo gamba ni chokaa, usihangaike na dawa. Kwenye maji magumu yenye pH ya juu hewa ukaa iliyo huru ni kidogo. Kuna mimea inayojua kuivuta kutoka kwenye bikaboneti iliyoyeyuka, na ikifanya hivyo chokaa inabaki juu ya jani. Hiyo mirefu ni Vallisneria, ndiyo mmoja wao. Mwingine ni Ceratophyllum, ule unaoelea wenye majani kama mkia wa paka. Iliyokufa ni ile isiyojua kazi hiyo. Kwa maji ya Mikindani usipigane na maji, jaza hiyo miwili mpaka samaki wapite kwa kupenya. Ceratophyllum hauna mizizi, unakula moja kwa moja kutoka kwenye maji, na unakua haraka kiasi kwamba utakuwa unautupa kila wiki. Kila konzi unayoitupa ni nitrati na fosfati inayotoka nje ya tangi. Hakuna filta inayofanya hivyo.

Toa mawe ya matumbawe na makombe kama umeyapamba humo, yanaongeza chokaa bure. Mchanga wa ufukweni vile vile. Tafuta wa mtoni.

Jambo jingine: kipindi hiki cha joto maji yanakauka sana. Yanayopaa ni maji matupu, chokaa inabaki. Ukijazia kwa maji ya kisima kila siku unayafanya magumu zaidi wiki hadi wiki. Kujazia tumia ya mvua kama unayo.

#11 Kariakoo Aquascape

Nawasoma tu wakuu wa kusini. Mnateseka bila sababu. Fungeni mtungi wa hewa ukaa, taa kali, mbolea kamili, mimea itaufukuza mwani yenyewe. Ndivyo matangi ya kijapani ya Takashi Amano, gwiji wa matangi ya mimea, yalivyokuwa, na uduvi wake wa kula mwani juu. Mitungi na regyuleta vipo, njoo inbox.

#12 Fundi Ndoo

Biashara imeingia.

Mkuu, mtungi ni mzuri kwa anayeweza kuulea. Huku kuna watu watautumia wiki mbili, gesi inaisha, wa kujaza hayupo karibu, taa kali bado inawaka. Au umeme unakatika kwa muda wa saa nne mchana, ukirudi taima ya taa imepotea na valvu imejifungua usiku. Hewa ukaa inayopanda na kushuka ndiyo mwaliko wa zile ndevu nyeusi. Anayeanza, taa ya wastani bila mtungi. Taa kali bila mtungi ndiyo hapana kabisa.

#13 Korosho Ghafi

Hizo ndevu nyeusi ndizo ninazo mimi! Zimeota kwenye kingo za majani na kwenye mdomo wa filta. Ngumu kama mswaki. Samaki hawagusi, kucha haiwezi.

#14 Mjomba wa Chikongola

Hizo ni za ukoo wa mwani mwekundu japo macho yanaona nyeusi. Jaribu, ng'oa kishungi kimoja ukitie kwenye spiriti, rangi ya kijani inayeyuka na wekundu unabaki.

Dawa yake ipo duka la dawa baridi, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Soma chupa, nyingine ni asilimia 6, hiyo uichanganye nusu kwa nusu na maji safi. Zima filta, maji yatulie. Vuta kwenye sirinji isiyo na sindano, puliza polepole juu ya ndevu zenyewe chini ya maji. Jumla usizidi mililita 2 kwa kila lita 4 za tangi kwa siku. Subiri dakika 10 au 15, washa filta. Siku chache zinageuka waridi au kijivu, hapo zimekufa na baadhi ya samaki wanazila. Majani yaliyozeeka yenye ndevu kata utupe, usiyaonee huruma. Mdomo wa filta uvue, uloweke nje ya tangi, sugua.

Ukipewa ile inayoitwa "kaboni ya maji", ujue ndani yake ni glutaraldehaidi, dawa ya kuulia vijidudu. Inaua ndevu, lakini mwenye Vallisneria aiogope, inayeyusha majani yake.

Zikirudi mahali pale pale, angalia mzunguko wa maji na uchafu mchangani kabla hujanunua chupa nyingine.

#15 Kitere Leo

Mrututu nimeuacha, Bwana Shamba. Basi niende mtoni nikaokote konokono, wale weusi wadogo. Bure na hawana kemikali. Hapo pia mtanikataza?

#16 Sista Mstaafu

Hapo nakukataza mimi, mwanangu, na nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo.

Kichocho cha mkojo kipo mikoa yetu hii, na kinapitia kwa konokono wa maji baridi wa jamii ya Bulinus. Konokono aliyeambukizwa anatoa vijidudu usivyoviona, vinaelea majini na kupenya ngozi. Wewe unatia mkono kwenye tangi mpaka kwenye kiwiko kila wiki. Unaona? Na kwa macho huwezi kumtofautisha aliyeambukizwa na mzima.

Wanaozaliwa ndani ya tangi hawana shida, maana konokono haambukizwi na mama yake, anaambukizwa na mkojo wa mgonjwa ulioingia majini. Kwa hiyo chukua kwa mwenzako ambaye wake wamezaliana tangini miaka. Hata yungiyungi na magugu ya bwawani mnayochota, yapekue chini ya majani muondoe konokono na mayai yao ya utelezi, vaeni glavu. Loweka kwenye ndoo ya maji ya pamanganeti yenye rangi ya waridi iliyokolea, dakika 10, suuza vizuri. Kama uliwahi kuingia mtoni na unaona damu kwenye mkojo, nenda kituo cha afya, praziquantel ipo na inatibu.

#17 Mjomba wa Chikongola

Shikamoo Sista. Asante, hilo sikuwa nimeligusa.

Kitere Leo, kuna konokono mwingine anayesafisha kioo vizuri kuliko wote, jamii ya Neritina, mwenye michirizi. Pwani hii ya Afrika Mashariki anapatikana kwenye mikoko na milango ya mito. Anaishi maji baridi lakini vifaranga vyake vinataka chumvi, kwa hiyo hatajaa tangini. Ila msiende kuokota Msimbati, ile ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo kisheria tangu mwaka 2000. Waulizeni wanaouza.

Na konokono hawezi kukupunguzia chakula majini. Anakula mwani, anakunya. Anakusaidia kioo tu.

#18 Mama Nasri

Nimerudi. Nilifunika kwa blanketi kama ulivyosema, mume wangu akadhani tangi limefiwa. Maji yamekuwa meupe, samaki wote wazima, nimewahesabu! Tangi sasa lipo sebuleni. Lakini kuna vumbi la kahawia limetanda kwenye kioo na mchanga mpya niliouongeza. Linafutika kwa kidole. Nianze giza tena?

#19 Fundi Ndoo

Hapana dada, hizo ni diatomu, mwani wa kahawia wa chembe moja moja. Zinakuja kwenye tangi jipya au lililoguswa mchanga, zinatumia silika. Futa kwa kitambaa kisichowahi kuona sabuni, nyonya, badilisha maji kama kawaida. Baada ya wiki kadhaa zinajiondokea. Ukikuta vidoa vya kijani vigumu kama vimechorwa kwenye kioo, hivyo ndiyo vya kadi ya benki iliyokwisha muda au kiwembe, na upunguze taa.

#20 Mtu wa Mikindani

Swali la umeme. Filta yangu ni ile ya mtungi uliofungwa, ya nje. Umeme ukikatika usiku mzima na ukarudi asubuhi, kuna shida? Mara ya mwisho maji yalitoka na harufu na samaki wawili wakaenda.

#21 Fundi Ndoo

Kuna shida kubwa. Mle ndani kumefungwa, bakteria wanaendelea kupumua na oksijeni haiingii. Ndani ya saa chache inaisha, wanaanza kufa na kuoza. Umeme ukirudi, pampu inasukuma uozo wote tangini kwa mkupuo. Umeme ukikatika kwa zaidi ya muda wa saa 3 au 4, chomoa plagi kabla haujarudi. Asubuhi fungua, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji na vigae kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Ukiweza kuvihamishia vigae tangini wakati umeme umekatika, vitabaki hai.

Mimi kila tangi naliwekea na filta ya sponji ya kusukumwa na hewa pembeni. Kuna pampu ndogo za hewa za waya wa USB, zinakwenda kwa pawabenki ya simu usiku mzima.

#22 Mama Nasri

La mwisho jamani, msinichoke. Nakwenda Nachingwea msibani, naweza kukaa wiki mbili. Binti wa jirani ndiye atakayebaki na ufunguo, na anapenda sana kuwarushia chakula.

#23 Mjomba wa Chikongola

Poleni na msiba.

Taa rudisha iwe saa 5 kwa siku, taima ifanye yenyewe. Kabla ya kuondoka badilisha maji na osha sponji siku mbili tatu kabla, si asubuhi ya safari, ili kama kuna kilichoharibika ukione ukiwa bado upo. Vile vitofali vya chakula cha likizo usinunue, vinayeyuka na kuchafua maji. Dagaa wa kusaga ndiyo kabisa usimwachie, mafuta yake yanatanda juu na mabaki yanaingia mchangani.

Samaki wakubwa wakila mara moja kila baada ya siku tatu hawatakonda. Funga vipimo kwenye karatasi ndogondogo, kila kimoja kile wanachomaliza kwa dakika mbili, andika tarehe juu yake. Chupa ya chakula yenyewe ifungie kabatini, ufunguo uende nao Nachingwea.